Kadi za maneno kwa mtoto wa miezi 14: anasoma kadi, au anatusoma sisi?

*"Nina watoto wawili, wa kiume wa miaka minne na wa kike wa miezi 14. Wifi yangu ana mtoto wa miaka miwili na nusu ambaye 'anasoma' maneno kama arobaini kwenye kadi, na kila tukikutana lazima aonyeshwe mbele za watu. Wifi alinishauri ninunue seti ileile: kadi zenye maneno makubwa mekundu, pamoja na video za kumwekea mtoto mara mbili kwa siku. Maelekezo yanasema dirisha la kujifunza kusoma hufungwa mapema, na mzazi anayesubiri shule ameshachelewa. Nimefanya hivyo kwa wiki sita. Mwanzoni binti yangu alitazama. Sasa nikitoa kadi anageuza uso au anazitia mdomoni. Ni mbili tu, 'mpira' na 'paka', anazozionyesha kwa kidole nikimuuliza, na si kila mara. Kaka yake naye hajui herufi zaidi ya zile za jina lake, na baba yao anasema huyo nimeshamchelewesha. Nimekosea wapi? Niendelee na kadi? Mtoto aanze kusoma akiwa na umri gani hasa?"*

Mama, nimelisoma swali lako mara mbili. Kwa juu unauliza habari za kadi, lakini chini yake nasikia swali jingine: je, wanangu wameachwa nyuma kwa sababu yangu? Nianze na hilo, usije ukayasoma mengine yote roho ikiwa juu. Hapana. Mtoto wa miezi 14 asiyesoma ni mtoto wa kawaida kabisa. Wa miaka minne anayejua herufi za jina lake yuko palepale walipo wenzake wengi wa umri huo. Wiki sita za kadi hazijamdhuru binti yako. Kama kuna kosa, ni kuyaamini maandishi ya kwenye boksi, na hapo una wenzako wengi.

Sasa tuzitazame hizo kadi zenyewe. Binti yako anapoonyesha "mpira" kwa kidole, kuna kitu amejifunza kweli. Amejifunza kwamba kadi yenye umbo fulani, au ile yenye kona iliyokunjika, au ile yenye alama za meno yake, huenda pamoja na sauti inayotoka kinywani mwako. Hiyo ni kumbukumbu ya picha. Kwa kumbukumbu hiyohiyo anatambua kiatu chako kati ya viatu kumi mlangoni. Kusoma ni jambo jingine. Anayesoma akikutana na neno ambalo hajawahi kuliona tangu azaliwe, analitamka. Aliyekariri kadi arobaini, ukimletea ya arobaini na moja anakutazama usoni.

Mwaka 1984 watafiti watatu wa Marekani, Patricia Masonheimer, Priscilla Drum na Linnea Ehri, waliwachukua watoto wa miaka mitatu hadi mitano waliokuwa hodari wa kutambua alama za biashara. Wakabadilisha herufi moja tu, Pepsi ikawa Xepsi. Watoto wengi waliendelea kusema "Pepsi" bila kushtuka. Macho yao yalikuwa kwenye rangi na mchoro, si kwenye herufi.

Unaweza kufanya jaribio kama hilo nyumbani, ingawa kwa mtoto wa wifi nakuomba ulifanye kwa siri na kwa heshima. Chukua karatasi ya kawaida na kalamu nyeusi, andika kwa mwandiko wako, kwa herufi ndogo: paka. Chini yake andika pika. Kisha andika neno la kubuni lisilo na maana, tuseme padiko. Anayesoma atayasoma yote matatu, na hilo la mwisho huenda akalicheka. Aliyekariri kadi atakwama hata kwenye "paka", kwa kuwa wino mwekundu haupo.

Kuna kisa ninachopenda kuwasimulia wazazi. Mwanzoni mwa karne ya 20, mjini Berlin, mwalimu wa hisabati aliyeitwa Wilhelm von Osten alikuwa na farasi, Hans, aliyejibu hesabu kwa kugonga kwato chini. Watu walifurika kumwona. Mwaka 1907 mwanasaikolojia Oskar Pfungst alimchunguza na kugundua kwamba farasi yule hakuwa anajua kujumlisha. Alikuwa akimtazama aliyemuuliza. Kwato zilipofika idadi sahihi, mtu yule bila kujijua alitikisa kichwa kidogo sana, na Hans akaacha kugonga. Aliyeuliza akiwa mwenyewe hajui jibu, Hans naye hakujua. Simfananishi mtoto na farasi, msinielewe vibaya. Ninayemfananisha ni mimi na wewe na yule mwalimu, ambaye wala hakuwa mwongo. Aliamini kwa moyo wote. Weka kadi mbili mezani, uliza "mpira uko wapi?", halafu jichunguze macho yako yanakwenda wapi. Mtoto wa miezi 14 ni bingwa wa kufuata macho ya mama yake. Huo ndio ujuzi wake mkubwa wa mwaka huu, na ni wa thamani kuliko kadi, kwa sababu kwa kuyafuata macho yako ndipo anapojua neno ulilotamka ni la kitu gani.

Na wazazi kweli hudanganyika, hilo limepimwa. Mwaka 2010 Judy DeLoache na wenzake walichapisha utafiti wa watoto wa miezi 12 hadi 18 waliotazama video ya kufundisha maneno kwa wiki nne. Hawakujifunza zaidi ya watoto ambao hawakuiona kabisa. Waliojifunza zaidi ni wale ambao wazazi wao waliambiwa tu wajaribu kuwafundisha maneno hayohayo katika shughuli zao za kila siku, bila video. Wazazi walioipenda video ndio walioamini zaidi kwamba watoto wao wamejifunza. Mwaka 2014 Susan Neuman na wenzake wakaja na utafiti unaofanana sana na hali yako: watoto 117, wa miezi 9 hadi 18, wakagawanywa kwa bahati nasibu, nusu wakapewa video, kadi na vitabu vya kufundishia watoto wachanga kusoma, kwa miezi saba. Mwishoni watoto walipimwa kwa njia nyingi, hata kwa vifaa vinavyofuatilia mwendo wa macho. Hawakujifunza kusoma. Lakini baadhi ya wazazi walikuwa na imani kubwa kwamba programu imefanya kazi.

Miaka miwili kabla ya hapo, mwaka 2012, Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani ilikuwa imeshawafungulia mashtaka wauzaji wa programu moja mashuhuri ya aina hiyo, kwa kudai bila ushahidi kwamba inamfundisha kusoma mtoto wa kuanzia miezi tisa. Mbinu ya maneno makubwa mekundu yenyewe ni kongwe zaidi. Ilienezwa na Mmarekani Glenn Doman katika kitabu alichokitoa mwaka 1964. Kwa hiyo ulichouziwa kama ugunduzi mpya kina umri wa bibi.

Kwa nini basi isiwezekane? Watoto si wana akili kama sifongo, kama tunavyoambiwa kila siku? Hapa nataka tukae kidogo, maana ukishaelewa ubongo unavyosoma, hakuna boksi litakalokubabaisha tena.

Binadamu amezungumza kwa makumi ya maelfu ya miaka, lakini maandishi ya kwanza, yale ya Sumeri na Misri, yana takriban miaka 5,000 tu. Muda huo ni mfupi mno kwa ubongo kuota sehemu yake maalumu ya kusoma. Ndiyo maana mtoto anayezungumziwa hujifunza kusema bila darasa, ilhali kusoma karibu kila mtu lazima afundishwe. Mwanasayansi wa ubongo wa Ufaransa, Stanislas Dehaene, ameeleza kwamba anayejifunza kusoma huazima eneo lililokuwa na kazi nyingine: sehemu iliyo chini, kwa nyuma, upande wa kushoto wa ubongo, inayoshughulika na kutambua sura na vitu. Eneo hilo hufunzwa upya ili litambue herufi na kuzipeleka haraka kwenye sehemu za sauti na za maana. Lakini angalia: hizo sehemu za sauti na maana lazima ziwepo kwanza, zimejengwa na mazungumzo. Herufi hazina pa kwenda kama lugha haijafika.

(Kazi ya zamani ya eneo hilo huacha alama. Kikombe ni kikombe, mkono wake uwe kulia au kushoto. Ubongo umezoea kupuuza tofauti hiyo. Ndipo zinapokuja b na d, ambazo tofauti yao ni hiyohiyo tu. Kijana wako akiandika jina lake kinyumenyume kama kwenye kioo, usihangaike. Watoto wengi hufanya hivyo mpaka miaka sita au saba.)

Mwaka 1986 Philip Gough na William Tunmer walipendekeza namna rahisi ya kulifikiria jambo hili, na mpaka leo sisi wa fani hii tunaitumia. Kusoma ni mambo mawili: kugeuza maandishi kuwa sauti, na kuelewa lugha inayosikika. Wakasema mambo hayo hayajumlishwi, yanazidishwa. Sifuri mara chochote ni sifuri. Mtoto anayetamka maandishi asiyoyaelewa hasomi, na anayeelewa kila kitu lakini hajui herufi naye hasomi. Binti yako ana maneno machache ya kusema na mengi zaidi kidogo ya kuelewa. Hata kama kwa muujiza ungemfundisha herufi zote leo, angesoma nini?

Upande wa sauti una siri nyingine, na hapa sisi wa Kiswahili tumebarikiwa. Ili herufi zimfae, mtoto lazima atambue kwamba neno linaweza kukatwa vipande. Mtoto mdogo bado hajui kwamba kuna vipande; kwake "mpira" ni kitu kimoja kizima. Kati ya miaka mitatu na minne wengi huanza kuhisi silabi, wakaweza kupiga makofi m-pi-ra. Kutenga sauti mojamoja ndani ya silabi ni kugumu zaidi, na mara nyingi huja pamoja na kujifunza herufi zenyewe. Sasa Kiswahili kina irabu tano tu, a, e, i, o, u, na kila moja hutamkwa vilevile popote ilipo. Silabi nyingi huishia na irabu. Herufi na sauti zinakwenda pamoja karibu kila mahali. Mwaka 2003 Philip Seymour na wenzake walilinganisha watoto wanaoanza kusoma katika lugha mbalimbali za Ulaya. Wa Kifini, Kigiriki na Kiitaliano, ambao maandishi yao nayo ni manyoofu, walikuwa wakisoma kwa usahihi mkubwa mwishoni mwa mwaka wa kwanza, huku wa Kiingereza wakiwa mbali nyuma. Mbinu ya kukariri neno zima ilipata wateja kwenye Kiingereza, lugha ambayo tahajia yake imejaa mitego. Kuileta kwenye Kiswahili ni kumbeba mgongoni mtu mwenye miguu mizima.

Halafu hilo dirisha linalofungwa. Hapa wauzaji wamechukua ukweli mmoja wakaupachika mahali pasipo pake. Dirisha lipo, lakini ni la masikio. Mwaka 1984 Janet Werker na Richard Tees walionyesha kwamba watoto wa miezi sita hadi minane katika familia za Kiingereza waliweza kutofautisha sauti za Kihindi ambazo watu wazima wa Kiingereza hawazitofautishi. Walipofika miezi 10 hadi 12, uwezo huo ulikuwa umefifia sana. Ubongo ulikuwa unajipanga kwa lugha ya nyumbani. Kwa hiyo, ndiyo, mwaka wa kwanza ni muhimu, ila muhimu kwa kusikia watu wakizungumza. Kusoma hakuna mlango unaofungwa hivyo. Mwaka 2010 Dehaene na wenzake walipima ubongo wa watu wazima wa Brazil na Ureno, wakiwemo waliojifunza kusoma ukubwani, na wakakuta eneo lile la maandishi limebadilika kwao pia. Kama mtu mzima anaweza kuanza, kijana wako wa miaka minne hajapitwa na kitu. Mwonyeshe baba yao aya hii.

Umri gani basi? Wengi hupenda niwatajie tarakimu moja, nami siwezi, kwa sababu sioni kwamba ipo. Nikisema kwa jumla: kabla ya miaka mitatu, lugha, kati ya mitatu na mitano, michezo ya sauti na herufi, kuanzia mitano hadi saba, watoto wengi wako tayari kufundishwa kusoma moja kwa moja. Finland huanza shule ya msingi mtoto akiwa na miaka saba, na wasomaji wake hawajulikani kwa udhaifu. Huko New Zealand, Sebastian Suggate alilinganisha watoto waliofundishwa kusoma wakiwa na miaka mitano na waliofundishwa wakiwa na saba. Walipofika miaka 11 hakukuwa na pengo katika usomaji wao. Nikuambie ukweli, utafiti huo una udhaifu: waliochelewa walikuwa katika shule za aina ya pekee, zilizochaguliwa na wazazi wa aina fulani. Nao hawakukaa bure miaka hiyo miwili. Walisimuliwa hadithi, waliimba, walizungumza. Kwa hiyo usiuchukue kama ruhusa ya kulala. Uchukue kama sababu ya kutokimbizana na wifi.

Wapo pia watoto wanaosoma kweli kabla ya shule. Dolores Durkin aliwafuatilia watoto kama hao nchini Marekani miaka ya 1950 na 1960. Wengi wao walikuwa watoto wa kuchorachora, wanaotaka kujua "hapa pameandikwa nini?", na nyumbani kulikuwa na mtu mwenye subira ya kuwajibu. Mtoto ndiye aliyeanza kuvuta, mkubwa akafuata. Wa kwako akianza kukuvuta hivyo akiwa na miaka mitatu, usimwambie asubiri. Mjibu.

Kadi na video, basi. Video ziache, na hilo nalisema bila kusitasita. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2019, halipendekezi kabisa kuketishwa mbele ya skrini kwa mtoto wa mwaka mmoja, na kwa wa miaka miwili hadi minne linasema isizidi saa moja kwa siku, ikipungua ni heri zaidi. Na hata tukiacha afya pembeni, video haifundishi kama mtu. Mwaka 2003 Patricia Kuhl na wenzake waliwapa watoto wa Marekani wa miezi tisa vipindi 12 vya Kichina cha Mandarini. Waliochezewa na kusomewa na mtu hai walizishika sauti za Kichina. Waliooneshwa mtu yuleyule kwenye televisheni hawakushika kitu. Kadi zenyewe hazina sumu. Ubaya wake ni dakika zinazokula, na ule uso unaogeuka. Mtoto wa miezi 14 akigeuza uso anakuambia "nimetosheka" kwa lugha pekee aliyo nayo. Ukimlazimisha kila siku, anachojifunza ni kwamba vitu vyenye maandishi humfanya mama awe mkali.

Muda uleule uliotenga kwa kadi, utumie hivi. Mpakate, mpe kitabu cha kurasa ngumu chenye picha, mwache akishike juu chini, akitafune, aruke kurasa sita. Usisome kila sentensi. Fuata kidole chake. Akionyesha ndege, sema: "Ndege! Ndege anaruka. Yule pale." Kisha nyamaza, hesabu kimoyomoyo mpaka tano, mpe nafasi. Akitoa sauti yoyote, hata "de", mjibu kana kwamba ametoa hotuba. Dakika tano zinatosha; akishuka, mwache ashuke. Kitabu kilekile mara thelathini ni sawa, mtakaochoka ni ninyi wakubwa. Mwimbie, mwogeshe huku ukitaja mguu, goti, kisigino. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kimekuwa kikiwahimiza wazazi tangu 2014 wawasomee watoto kwa sauti kuanzia uchanga, na wanachokitafuta humo ni hayo mazungumzo.

Atakapofika miaka miwili, badilisha kidogo: mwache yeye awe msimuliaji. Mwaka 1988 Grover Whitehurst na wenzake waliwafundisha wazazi wa watoto wa miaka miwili kuuliza wakati wa kusoma badala ya kusoma tu mfululizo. "Huyu anafanya nini?" Mtoto akisema "lala", mzazi anaongeza: "Ndiyo, mbwa mkubwa amelala chini ya mti." Baada ya mwezi mmoja tu, watoto hao walikuwa wamewapita wenzao kwa namna ya kujieleza. Haihitaji kununua kitu. Hata kama mzazi mwenyewe hajui kusoma, picha zinatosha kuulizia.

Kijana wa miaka minne yuko mahali patamu zaidi. Anza na masikio kabla ya karatasi. Pigeni makofi majina ya watu wa nyumbani. Mpe "mtu" na "mbwa" uone atapiga makofi mangapi. Ni mawili kila moja, m-tu, m-bwa, ingawa wakubwa wengi hupiga moja kisha wakabisha. Cheza "nataja kitu kinachoanza na ki": kiti, kijiko, kitanda. Tegeaneni vitendawili. Wiki mbili tatu za hayo, ndipo ulete herufi, na ukileta, mfundishe sauti yake kabla ya jina. Ukimwambia hii ni "be" na hii ni "a", ataunganisha kwa uaminifu kabisa asome "bea", na wewe utadhani hajaelewa. Anza na irabu tano, kisha m: ma, me, mi, mo, mu. Siku hiyohiyo anaweza kusoma mama na mimi. Ongeza k, apate kaka, kuku, kima. Hayo anayasoma kweli, kwa sababu atayasoma pia ukiyaandika mchangani kwa kijiti. Achana kwanza na gh, dh na ng'; zitafika. Dakika kumi, tena si kila siku, na aache akiwa bado anataka. Akikataa wiki nzima, ziweke herufi kando, rudini kwenye hadithi, jaribu tena baada ya mwezi.

Sasa mambo ya kukutoa nyumbani kwenda kwa daktari wa watoto au mtaalamu wa lugha na matamshi, na hakuna hata moja linalohusu kadi. Kwa binti yako: kama hageuki akiitwa jina, kama hakuwahi kubwabwaja ba-ba, da-da kufikia mwaka mmoja, kama akifika miezi 16 hadi 18 hana hata neno moja, kama akifika miaka miwili haunganishi maneno mawili kama "mama njoo", au kama wakati wowote anapoteza maneno aliyokuwa nayo. Hilo la mwisho usilisubirie. Omba apimwe usikivu mapema, hasa kama masikio humuuma mara kwa mara au hutoa usaha. Nimeona watoto wakiitwa wazito wa kuelewa kumbe hawasikii vizuri. Umesema anaonyesha vitu kwa kidole na kufuata swali lako, na hizo ni ishara njema. Kwa kaka yake: nenda kama wageni hawaelewi sehemu kubwa ya anachosema, au kama hawezi kukusimulia kilichotokea leo kwa sentensi fupifupi. Ugumu wa kusoma wenyewe hatuupimi akiwa na miaka minne. Tunaanza kuuliza maswali baada ya kufundishwa vizuri kama mwaka mzima na bado kuunganisha silabi kunamshinda, na tunauliza mapema zaidi kama baba, mama au ndugu wa damu alipata shida hiyohiyo.

Mtoto wa wifi huenda amekariri tu, na hakuna ubaya. Huenda ni mmoja wa wale wachache wanaoanza mapema. Kuna kundi la tatu ninalolitaja kwa tahadhari: watoto wanaovutwa mno na herufi na tarakimu, wanaosoma maneno wakiwa wadogo sana, lakini mazungumzo yao na uelewa wao vimebaki nyuma, hawatazami sana watu wala hawaitiki wakiitwa. Hali hiyo ilipewa jina kitaalamu mwaka 1967, na mara nyingi huambatana na usonji. Simsemi mtoto ambaye sijamwona. Ila kama mwenyewe umeona kwamba anasoma kadi arobaini na haombi hata kikombe cha maji, mvute wifi pembeni, bila hadhira, umwambie kwa upole akamwone mtaalamu. Kama anaongea, anacheza na kugombania vitu kama wenzake, msifie mtoto, yaishe.

Na kadi ulizonunua usizitupe. Nyuma ni nyeupe. Mpe kaka yake kalamu za rangi, kila kadi amchoree mtu mmoja wa nyumbani, kisha wewe uandike jina la mtu huyo chini ya picha, polepole, ukitamka kila silabi anapokutazama. Mdogo wake akija kuzitafuna, sasa zitakuwa zimepata kazi.